UZI: Wi-Fi ya nyumba nzima kwa AP kadhaa zilizofungwa kwa waya (vifaa, vipimo, mipangilio)

#1 FundiKebo

Wakuu, habari za muda huu. Swali la "Wi-Fi haifiki chumbani" linarudi kila wiki, na kila wiki jibu ni ripita au ruta yenye antena sita. Tuweke hapa utaratibu wa kufunga AP (vifaa vya kutoa Wi-Fi) kadhaa kwa waya, ili anayejenga aanze nao kabla plasta haijapigwa, na aliyekwisha kuhamia ajue apitie wapi.

Tatizo lenyewe kwanza. Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ina nguvu, inasikika hadi getini. Simu ina antena ndogo na nguvu ndogo. Ikijibu kutoka chumba cha nyuma, sauti yake inafia ukutani. Ndiyo maana vijiti vinaonekana vitatu na picha ya WhatsApp bado inazunguka. Kuiongezea ruta nguvu hakumsaidii huyo mwenye sauti ndogo. Dawa ni kuisogeza antena karibu naye, na waya ndio unaoifikisha.

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja kama zinavyojengwa Goba au Madale: mita 14 kwa 11, tofali za inchi 6, slabu ya zege ya sentimita 15 yenye nondo, juu kuna dari ya jipsamu chini ya bati. Faiba inaingia sebuleni, mbele kushoto. Chini ya ngazi kuna stoo, na hapo ndipo kituo. Kila waya unaanzia stoo na kuishia mahali pake, bila kiungo njiani. Usilishe AP kutoka AP nyingine: ya kwanza ikizima, zilizo nyuma yake zote zinakwenda nayo.

Vipimo vya nyaya: kutoka ilipo ONT ya faiba (kisanduku cha kampuni ambacho pia ndicho ruta kuu) hadi stoo nyaya mbili za m 9 (mmoja wa kazi, mmoja akiba). AP ya sebule m 11, AP ya upande wa jiko m 14, AP mbili za juu m 16 na m 18. TV m 10, meza ya kazi m 15, kamera mbili m 22 na m 27. Jumla m 151. Ongeza m 3 kwa kila waya kwa mikato na ziada ya ncha. Nyaya ziko 10, kwa hiyo m 30. Unafika m 181. Boksi moja la kebo ya mtandao ya Cat6 la m 305 linatosha na chenji inabaki.

Vifaa vingine:

- Swichi moja ya gigabit (Mb 1,000 kwa sekunde) yenye matundu 8 ya PoE (yanayopitisha umeme kwenye waya huo huo wa mtandao) na 2 ya kawaida. AP 4 kwa W 10 ni W 40, kamera 2 kwa W 6 ni W 12, jumla W 52. Chukua swichi yenye bajeti ya PoE isiyopungua W 60. Soma boksi kwa makini: ziko nyingi ambazo matundu 8 ya PoE ni ya Mb 100 na ni yale 2 tu ya pembeni yenye gigabit.
- AP 4 za darini zinazokubali 802.3af (kiwango cha PoE).
- Soketi za mtandao za ukutani za TV na meza, na pachi kodi (nyaya fupi za kuunganishia) za kiwandani za m 1 au 2.
- Paipu za mm 20 na mm 25. Ya mm 20 inabeba Cat6 tatu, ya mm 25 inabeba tano. Ukishindilia zaidi utavuta kwa nguvu hadi jozi za ndani zilegee.

Waya wa mtandao na wa umeme visikae paipu moja, hata fundi umeme akikuapia kwamba hii ni volti ndogo haina neno. Siku ganda la waya wa umeme likichubuka humo ndani, V 230 inaingia kwenye swichi na kwenye kompyuta ya mtu. Na juu ya dari pia tumia paipu, kwani panya anapenda ganda la kebo kuliko mahindi.

Umbali wa juu kwa waya mmoja ni m 100, yaani m 90 za ukutani na m 10 za pachi kodi. Nyumba ya kawaida haifiki huko, msiwe na hofu.

Karibuni mkosoe.

#2 siti_ya_mbele

Nimekaa na karanga zangu. Swali: mesh (seti za Wi-Fi zinazounganishwa kwa hewa) zipo madukani na hazichimbi ukuta. Kwa nini mtu ajisumbue?

#3 Dada_Swichi

Kwa sababu ya slabu. Ripita ya redio moja inapokea na kutuma kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili na kasi inakatika nusu. Mesh ya bendi tatu inatenga redio moja ya kuongea na mwenzake, hapo ina nafuu, lakini redio hiyo kwa kawaida ni ya 5 GHz na inapaswa kupenya zege lenye nondo kufika juu. Bendi hiyo ni dhaifu mno mbele ya zege. Kila dB 3 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) unazopoteza ni nusu ya nguvu. Slabu inakula nyingi kuliko ukuta wowote wa tofali.

Kama umeshanunua mesh, usiitupe. Nyingi zina tundu la LAN (la waya wa mtandao wa ndani). Chomeka waya kila kimoja, vyenyewe vitahamia kwenye waya na kuwa AP za kawaida. Hakikisha tu programu yake inaonyesha kwamba kiungo ni cha waya. Baadhi hushika vyote viwili, waya na hewa kwa pamoja, na hapo unatengeneza mzunguko unaoangusha mtandao mzima. Tutakuja huko.

#4 Wembe_na_Koleo

Kabla hatujafika mbali, boksi la kebo. Nje limeandikwa Cat6, ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwenye boksi huandikwa CCA kwa herufi ndogo, au haiandikwi kabisa.

Jaribio la dukani: omba ncha, menya uzi mmoja, ukwangue na wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. CCA inang'aa nyeupe mara tu wembe ukipita. Jaribio la pili ni kiberiti cha gesi: ncha ya shaba inaiva na kubaki imesimama, ya aluminiamu inalegea na kuinama. La tatu ni mzani. Boksi la m 305 la Cat6 ya shaba, nyuzi za 23 AWG (kipimo cha unene), linapita kilo 10. Ukiliinua kwa mkono mmoja kama mfuko wa mkate, jua unachonunua.

Kwa nini ni muhimu hasa hapa: ukinzani wa CCA ni zaidi ya wa shaba kwa nusu nzima, na sisi tunapitisha umeme wa PoE humo humo. AP inawaka vizuri asubuhi, jioni watu wakirudi redio zinafanya kazi zaidi, volti inashuka, AP inajizima na kujiwasha. Mwenye nyumba anaisingizia kampuni ya intaneti. Isitoshe, uzi wa CCA ukikunjwa mara chache unakatika ndani ya plagi na huoni kitu kwa nje.

#5 FundiKebo

Umenikumbusha na plagi, mkuu. Plagi za Cat5e zina matundu membamba. Uzi wa Cat6 wa 23 AWG hauingii vizuri, fundi anaukuna ili uingie. Nunueni za Cat6.

Mpangilio wa rangi uitwao T568B, ukishika plagi kilimi kikiwa upande wa nyuma na meno yakiangalia juu, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili hivyo hivyo. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye meno, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili libanwe na kile kibano.

Sasa lile kosa linaloshinda wengi. Fundi anakwambia "ilimradi pande zote zifanane rangi". Anapanga chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili kwa mfuatano. Anachomeka testa ya taa, taa 1 hadi 8 zinawaka kwa zamu, anakunja vyombo vyake. Lakini pini 3 na 6 zinatakiwa kuwa jozi moja iliyosokotwa pamoja, ndiyo maana kijani imeachanishwa na bluu kukaa katikati. Kwa mpangilio wake, pini 3 ni nyeupe-kijani na pini 6 ni bluu, nyuzi za misokoto miwili tofauti. Kwa m 1 inafanya kazi. Kwa m 20 data inaharibika njiani, swichi inashuka hadi Mb 100 au kiungo kinakatika na kurudi. Testa ya bei rahisi haioni hilo; inapima kama uzi umefika, haipimi uzi unatembea na nani.

#6 Kibangu_Net

Swali la bajeti. Kuna ruta mbili za zamani zimelala kabatini, zinaweza kuwa AP?

#7 Dada_Swichi

Zinaweza, kama matundu yake ni ya gigabit na zina 5 GHz. Zile za "300 Mbps" zina 2.4 GHz peke yake na matundu ya Mb 100. Kifaa kikiwa kwenye waya wake hakipiti kama Mb 94, na hewani hupata pungufu ya hapo. Kwa kifurushi cha Mb 20 hutaona tofauti kubwa.

Utaratibu, usibadilishe mfuatano:

1. Chomeka kompyuta kwenye ruta ya zamani peke yake, isiguse mtandao wa nyumba.
2. Badili anwani yake ya LAN iwe ndani ya familia ya ruta kuu. ONT nyingi za Huawei ni 192.168.100.1, basi hii ipe 192.168.100.5. Lakini ingia kwanza kwenye ONT uone inagawa anwani kuanzia wapi. Mara nyingi inaanzia .2, kwa hiyo .5 yako inaweza kupewa simu ya mgeni. Isogeze ianzie .20, na hizo za chini ziwe za vifaa vyako vya kudumu.
3. Rudi kwenye ruta ya zamani uzime DHCP (ugawaji wa anwani). Baada ya hapo kompyuta haitapewa anwani, ni kawaida.
4. Jina la Wi-Fi, neno la siri na aina ya ulinzi (WPA2 yenye AES) vifanane herufi kwa herufi na AP nyingine.
5. Waya kutoka stoo uingie tundu la LAN. Tundu la WAN (la intaneti inayoingia) liache tupu, ikiwezekana libandike selotepu ili mtu mwingine asilichomeke.

Ruta ikiwa na modi ya AP kwenye mipangilio, chagua hiyo, mengi ya hapo juu itajifanyia.

Ukichomeka WAN bila modi ya AP, intaneti itapatikana na utadhani umemaliza. Umetengeneza mtandao ndani ya mtandao. Simu iliyo juu ina 192.168.0.x, printa iliyo chini ina 192.168.100.x, ukitaka kuchapisha ukiwa juu, simu haiioni printa, na video haitumiki kwenye TV. Ukisahau kuzima DHCP ni balaa zaidi: wagawaji wawili wa anwani, anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Leo kompyuta ya mtoto inafungua, kesho haifungui, na hakuna aliyegusa kitu.

#8 Mpima_dBm

Mada nzuri, ila naona hamjagusa mahali pa kuning'iniza AP. Pendekezo: moja katikati ya korido ya chini, moja katikati ya korido ya juu. Mbili tu. Milango yote inafungukia korido.

#9 FundiKebo

Hapo napinga, mkuu. Korido inaonekana katikati kwenye ramani, ila kila chumba kinapokea kupitia ukuta wa tofali, na hakuna chumba hata kimoja kinachoiona AP moja kwa moja. Juu yake, AP ya korido ya juu na ya chini zimekaa wima mmoja, zinaonana zenyewe vizuri kuliko zinavyoona watu. Weka AP ndani ya vyumba vinavyotumika. Chini: sebule mbele kushoto, na upande wa jiko nyuma kulia. Juu ugeuze: chumba kikuu mbele kulia, na chumba cha watoto nyuma kushoto. Zinapishana kimshazari, kila moja inaziba pengo la mwenzake.

#10 Mpima_dBm

Nakubali kwa ghorofa yenye tofali. Kwa nyumba ndogo ya kuta za jipsamu bado korido inafaa, jipsamu haizuii kitu cha maana.

Namba ya kulenga: tembea na simu yenye programu ya kupima Wi-Fi, usome dBm (nguvu ya mawimbi) ya 5 GHz ukiwa kitandani, mezani, kwenye kochi. Ukipata -67 au bora (yaani -60, -55) simu ya video itakuwa safi. Ikifika -75, hapo panahitaji AP nyingine au hiyo isogezwe. Kabla ya kutoboa dari, iweke AP juu ya kabati au kwenye ngazi ya fundi kwa pachi kodi ndefu, pima, ndipo utoboe.

Na usiiweke AP juu ya dari, chini ya bati, ili "isionekane". AP nyingi za ndani zimeandikwa mwisho 40 °C. Saa nane mchana chini ya bati ni moto kuliko hapo. Ibandike upande wa chini wa dari, taa yake ya bluu unaweza kuizima kwenye mipangilio ikisumbua usingizi.

#11 Kibangu_Net

Na chaneli? Zote jina moja, hazigongani?

#12 Mpima_dBm

Jina moja, chaneli tofauti. Kwa hizi nne:

5 GHz, upana 40 MHz: 36, 44, 149, 157. Zinatosha AP nne bila kugusana na bila kuingia chaneli za rada. Chaneli za 52 hadi 144 zinailazimu AP isikilize kwanza dakika nzima kabla ya kuwaka, na ikihisi rada inahama ghafla. Mtu katikati ya mkutano atakatika. Upana wa 80 unatamanisha, lakini kwa kifurushi cha Mb 100 hauna faida. AP ya Wi-Fi 6 kwenye 40 MHz na simu ya antena mbili inaandika Mb 574, nusu ya hapo ndiyo unayoipata kweli, na bado ni zaidi ya kifurushi. Weka nchi sahihi kwenye mipangilio, kifaa kitakuonyesha chaneli zinazoruhusiwa.

2.4 GHz, upana 20 MHz: 1, 6 na 11 tu. Mtu anayeweka 3 au 8 ili "akwepe" majirani anagongana na pande mbili badala ya mmoja. AP ni nne na chaneli ni tatu, kwa hiyo zima 2.4 kwenye moja ya AP za juu.

Nguvu: ishushe. 5 GHz kama dBm 17 hadi 20, na 2.4 iwe chini ya hapo kwa dB 6 au zaidi. Ukiacha zote kwenye "juu kabisa", simu itaing'ang'ania 2.4 ya sebuleni huku imelala chini ya AP ya chumbani.

#13 Zahara_wa_Bara

Hilo la kung'ang'ania ndilo swali langu. Simu inapanda ngazi imeshikilia AP ya chini kama kupe. Si AP zinatakiwa kuihamisha?

#14 Dada_Swichi

Hapana, dada. Anayeamua kuhama ni simu. AP inaweza kushauri, haiwezi kumbeba. iPhone, kwa mfano, haianzi kutafuta AP nyingine hadi ile iliyoshikwa ishuke chini ya -70 dBm. Kama AP ya chini inasikika juu kwa -66, simu haina sababu ya kuhangaika. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kushusha nguvu kama alivyosema mkuu hapo juu.

Dawa ya pili ni 802.11k na 802.11v: AP inaipa simu orodha ya majirani na kuipendekezea wa kuhamia. Washa, hazina madhara. Ya tatu ni 802.11r, inayofupisha salamu za ulinzi wakati wa kuhama ili simu ya WhatsApp isikatike. Hiyo washa mwisho, kisha jaribu printa, TV na balbu za kisasa. Vifaa vya zamani vingine vinagoma kabisa kuunganishwa ikiwa imewashwa.

Ya nne ni kuifukuza simu ikiwa dhaifu. Anza na -78, si -65. Ukiweka kali, simu iliyo kwenye kona isiyo na AP bora inafukuzwa, inarudi, inafukuzwa, na betri inaisha.

Mambo haya manne ni rahisi ukitumia AP za familia moja na kontrola yake (programu ya kuziongoza zote pamoja). Omada (ya TP-Link) na UniFi (ya Ubiquiti) zote zina programu ya kontrola ya bure inayowekwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikizimwa, AP zinaendelea kutoa Wi-Fi kama kawaida.

#15 Baraza_la_Shangani

Asalaam aleikum. Haya yote ya tofali za inchi 6 ni anasa. Huku Mji Mkongwe kuta ni mawe na chokaa, unene nusu mita na kuzidi. 5 GHz inaishia mlangoni. Huku hesabu si AP kwa mita za mraba, ni AP kwa chumba kinachokaliwa, au moja ndani ya ua wa kati ikiwa vyumba vina madirisha yanayoutazama ua. Ua ulio wazi hadi juu unapandisha mawimbi ghorofa zote vizuri mno, yanaingilia madirishani.

Kutoboa ukuta ule kwa drili ya kawaida ni kazi ya mchana kutwa na chokaa inamomonyoka tundu likawa sahani. Pitisheni kwenye ngazi, au pembeni mwa boriti ambapo mara nyingi kuna upenyo, na juu ya ukuta tumieni mfereji wa plastiki wa mm 25 kwa 16 uliopakwa chokaa ufanane na ukuta. Nyaya zisining'inie nje upande wa mtaani, ule ni mji wa urithi.

Jambo jingine la pwani nzima, Lamu hadi Mtwara: hewa ya chumvi. Plagi iliyo nje bila kifuniko inaota ukijani kwenye meno ya shaba. Waya wa nje uwe mweusi wa nje wenye jeli ndani, uingie kwenye AP kutoka chini, na kabla ya kuingia ushuke kidogo uunde tumbo ili maji yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani.

#16 siti_ya_mbele

Karanga zimeisha ila naendelea. Kibanda cha mlinzi kipo m 25 kutoka nyumba kubwa, getini. Nitandaze Cat6 chini ya paving?

#17 Wembe_na_Koleo

Kwanza jiulize kama anahitaji AP yake. AP moja ya nje iliyofungwa kwenye ukuta wa mbele ikitazama geti inafika m 25 bila jasho, kama kibanda kina dirisha upande huo. Hakuna kuchimba.

Kama kuna kamera za getini na ni lazima waya ufike, usipitishe shaba kati ya majengo mawili. Radi ikipiga hata mtaa wa pili, ardhi ya kibanda na ardhi ya nyumba zinapata volti tofauti kwa muda mfupi, na njia nyepesi ya kusawazisha ni huo waya wako. Inaungua swichi, zinafuata AP zote zilizochomekwa humo.

Tumia faiba, kioo hakipitishi umeme. Unahitaji media konvata (vigeuzi kati ya faiba na waya) mbili na kebo ya faiba ya singo modi ya m 50 iliyofungwa ncha kiwandani, ili usihitaji mashine ya kuunganisha. Mambo matatu yanayokwamisha watu:

Konvata za uzi mmoja zinauzwa kwa jozi, A na B. A inatuma kwa 1310 na kupokea kwa 1550 (nanomita, urefu wa mawimbi ya mwanga), B kinyume chake. Ukiuziwa A mbili taa ya kiungo haiwaki milele, na hakuna kilichoharibika.

Ncha ya kijani isichomekwe tundu la bluu. Itaingia, lakini imekatwa mshazari. Mwanga unapotea mwingi.

Kebo ya faiba ya nje ina waya wa chuma wa kuibeba. Ukifika ukutani, utenganishe na kuukata nje. Ukiuingiza hadi stoo umerudisha shaba kwa mlango wa nyuma.

#18 Kisauni_001

Huku Mombasa wengi tuko kwa Starlink. Ile ruta ya toleo la 2 haina tundu la waya, lazima ununue adapta yake. Toleo la 3 lina matundu mawili nyuma ya kifuniko. Ukiwa na ruta yako mwenyewe stoo, washa ile modi ya kuipita ruta ya Starlink, la sivyo utapata ule mtandao ndani ya mtandao uliosemwa namba 7.

Na umeme ukipotea je?

#19 FundiKebo

Hesabu kwanza, betri baadaye. Zile UPS (betri za akiba) ndogo za "8800 mAh" zinahesabiwa kwa volti 3.7 ya seli, si 12. 8.8 mara 3.7 ni Wh 32 na ushee. ONT inakula kama W 8, kwa hiyo saa 4 kwenye karatasi, 3 kwa uhalisia. Inafaa kwa ONT peke yake. Usiitegemee kulisha swichi ya PoE. Hiyo inahitaji V 48 au zaidi, nayo inatoa 12.

Mfumo hapa, bila kamera, kwa wastani ni kama W 45: ONT, swichi na AP nne (ile W 10 kwa kila AP ni ukomo wake). Betri ya risasi ya V 12, Ah 100 ni Wh 1,200. Itumie nusu tu ili idumu, Wh 600. Inveta inakula kama asilimia 15, unabaki na Wh 510. Gawa kwa 45, zaidi ya saa 11. Uzuri wa PoE ni huo: betri moja stoo inawasha AP za nyumba nzima, hakuna adapta vyumbani.

Tahadhari moja ya PoE: kuna zile za zamani za V 24 zisizouliza, zinamwaga umeme moja kwa moja kwenye pini 4, 5, 7 na 8. Swichi ya 802.3af inauliza kwanza kama kifaa kinataka umeme, hizo haziulizi. Usichomeke kompyuta humo.

#20 Kibangu_Net

Mrejesho wa swali: kila kitu kimefungwa, ghafla taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja kwa kasi, hakuna kinachofunguka.

#21 Dada_Swichi

Mzunguko. Kuna waya unaoanzia swichi na kurudi swichi, au ule waya wa akiba wa sebuleni mtu amechomeka ncha zote mbili. Swichi ya kawaida haina akili ya kugundua. Ujumbe wa kutangaza unazunguka bila kikomo. Chomoa vyote, bakiza ONT, rudisha mmoja mmoja kwa nusu dakika. Ule utakaorudisha kupepesa ndio.

Mengine ya haraka: kasi inagota Mb 94 kamili, kiungo kipo Mb 100; kagua plagi, kisha tundu la ONT, maana ONT nyingine zina tundu moja tu la gigabit. Anwani inaanza na 169.254, kifaa hakijapata DHCP. Wi-Fi ipo intaneti hakuna, piga amri ya ping (jaribio la mawasiliano) kwa ONT, 192.168.100.1, kwanza; ikijibu, mara nyingi shida ipo nje ya nyumba.

#22 Zahara_wa_Bara

Na ambaye nyumba ipo kwenye renta, wiki ijayo wanamwaga slabu?

#23 FundiKebo

Huyo ana bahati. Paipu za mm 25 zifungwe kwa binding waya kwenye nondo kabla ya zege, zikishuka kwenye ukuta wa stoo zote. Kila mahali pa AP acha boksi la duara. Ingiza kamba ya nailoni ndani ya kila paipu, iache mita moja kila upande, kisha ziba ncha kwa tepu nene. Maji ya saruji yakiingia paipu imekufa. Kona mbili tu kwa paipu moja, ya tatu weka boksi la kuvutia.

Asubuhi ya kumwaga, kabla karai za zege hazijaanza kupanda, piga picha kila paipu ikiwa na futi imelazwa kando yake kutoka ukutani, na kwenye kila picha andika jiko lipo upande gani.